Nimeacha chaki, sasa nielekee wapi?

Wakuu, nimeacha ualimu wa hisabati sekondari. Wanafunzi nawapenda bado, ila kusahihisha madaftari hadi usiku wa manane kumenimaliza. Wasifu wangu wa kazi unasema "mwalimu" tu. Nianzie wapi?

— Pole, mwalimu mwenzangu. Andika ulichokifanya hasa: ulitunga mitihani, ukachambua matokeo, ukaongoza vikao vya wazazi wenye hasira (hilo si dogo!). Mimi sasa nafundisha wafanyakazi wapya kutumia mfumo wa mauzo. Andalio langu lina malengo, hatua na tathmini, vilevile kama la darasani.

— Hisabati? Iva kwenye Excel (programu ya majedwali), kisha SQL (lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata). Uchambuzi wa data utakufaa.

— Asanteni sana. Wa mfumo wa mauzo, kwenye usaili walikutaka ufundishe?

— Ndiyo, na hapo ndipo nilipowapata.