Naomba ushauri: nembo ya katakana na Kiingereza, na haki zake

Wakuu, habari zenu. Nafanya usanifu wa picha hapa Osaka, najitegemea. Mteja wangu anafungua mgahawa wa kahawa, anataka jina kwa Kiingereza na katakana (aina ya herufi za Kijapani), mlalo kwenye vikombe, wima kwenye bango la mlangoni.

Katakana hukaa ndani ya mraba, hazina mikia kama g na y. Zikilingana saizi, Kiingereza kinaonekana kimedumaa. Nimekikuza kidogo na kushusha mstari ambao herufi zake hukalia. Mlalo umetulia, wima bado. Nikilaze neno zima la Kiingereza ubavu au nipange herufi mojamoja? (Mojamoja mimi sipendi, inafanana na stendi ya basi.) Fonti ni Noto Sans JP, leseni yake inaruhusu biashara.

Kinachoninyima usingizi ni mkataba. Mteja anataka "haki zote", lakini sheria ya hakimiliki ya Japani inataka haki za vifungu vya 27 na 28, yaani kurekebisha kazi na kutumia marekebisho hayo, zitajwe waziwazi. La sivyo huchukuliwa zimebaki kwa mbunifu. Mliowahi kuziuza, mlitoza asilimia ya bei ya nembo au kiasi maalumu? Anasubiri jibu Ijumaa.