Naombeni ushauri: mume wangu anataka azikwe msituni

Habari zenu wapendwa. Naishi Uingereza na mume wangu, ambaye ni mzaliwa wa huku. Tukitembea mashambani huwa tunapita kwenye makaburi ya msituni, yale ya asili yaliyoanzia mji wa Carlisle mwaka 1993. Usipoambiwa hujui kama ni makaburi: miti michanga, nyasi ndefu, na chini kibao kidogo cha mbao chenye jina. Hakuna saruji wala marumaru. Maiti haitiwi dawa, na jeneza ni la fito za kusuka au la karatasi ngumu, ili vyote vioze pamoja.

Sasa anaumwa, na amesema anataka alale huko. Mimi nimekubali kwa moyo wote, pametulia mno. Tatizo ni nyumbani Moshi. Kwao kaburi lisilojengewa ni sawa na mtu aliyetupwa. Mama ameniuliza, "Mwanangu, msalaba utausimika wapi?" Nikakosa jibu.

Waliowahi kuzika huko, kibao kikishaoza kaburi mnalitambuaje? Padri anakubali kuja? Na mama nimwelezeje asiumie?