Wino wa Babu: gumzo la kikundi «Nyumba ya Kibokoni»

ALHAMISI

20:06 Shangazi Rukia: Assalam aleikum wote. Badi yuwaja Jumapili kutoka London. Kichupa cha wino wa kalamu ya Babu kimekauka, tangu juzi aandika kwa biro na hana raha. Nataka jibu LEO, aletewe wino gani wa buluu? Mchango mia tano tano, tumeni kwangu.

20:31 Shangazi Rukia: Mbona mwasoma tu? Naona tiki.

20:33 Idi: Aleikum salaam. Mimi nasema aletewe wino wa kura. Ule hautoki hata kwa jiki 😂

20:33 Khadija: 😂😂😂

20:34 Shangazi Rukia: Idi si wakati wa mzaha. Nasra, wewe ndiye mwenye makalamu hapo Nyali, sema.

20:52 Nasra: Aleikum salaam shangazi. Kwanza tutazame Babu aandika wapi. Ni daftari la Kasuku kila siku, deni la maziwa, dawa, nani kaja nani kaondoka. Karatasi ile wino watambaa, na unyevu huu wetu wazidisha. Wino wa Pelikan 4001 Royal Blue hautambai sana kwa sababu hautoki kwa wingi, lakini kwa mkono wa Babu mwepesi utamchosha. Waterman Serenity Blue, ule uliokuwa ukiitwa Florida Blue, wateleza vizuri na wenye kalamu za zamani wauamini. Quink wa Parker aliouzoea ni wa tangu 1931, hauna matata wala hauna ajabu. Mimi ningemletea Waterman.

20:54 Shangazi Rukia: Katika hiyo upi hautoki kwa maji?

20:57 Nasra: Hapana hata mmoja. Huo wa Pelikan watoto wa shule Ujerumani wana kalamu ya kuufutia kabisa. Quink kuna sanduku la kufulika na sanduku la kudumu, lakini hata huo wa kudumu usiutie majini.

20:58 Shangazi Rukia: Basi yote hapana. Nataka usiotoka. Yaliyotokea yasitokee tena.

21:10 Mama Saumu: Yapi tena hayo

21:11 Wifi Zuhura: Yasemwe tu. Daftari la michango ya harusi ya Fatma.

21:11 Idi: 🙈

21:14 Wifi Zuhura: Paa likavuja, ukurasa mzima ukawa buluu tupu, kisha watu wote wakakumbukwa walichotoa ila mimi. Mpaka leo nikiingia shughulini naangaliwa.

21:15 Shangazi Rukia: Mimi sikutaja mtu.

21:15 Wifi Zuhura: Hukutaja jina.

21:16 Khadija: Ujumbe huu umefutwa

21:16 Idi: Khadija tumeshauona

21:29 Nasra: Jamani wino. Usiotoka upo. Diamine wa Liverpool wana wa Registrar's, wa aina ile iliyotumika kuandikia vitabu vya ndoa Uingereza. Una chuma ndani, waingia buluu halafu wakolea kuelekea weusi, na maji hayauwezi. Sailor wa Japani wana Sei-boku, nao ni wa chembechembe, ukikauka umekauka. LAKINI kalamu ya Babu ni Parker 51. Nibu, ile ncha yake, imefunikwa, kuifungua ni kazi ya fundi, na Babu akienda Lamu huiacha na wino wake ndani. Wino wa namna hiyo ukigandia mle tumeiua kalamu. Na mkimsikia mtu asifu Bay State Blue wa Noodler's, mwambieni asante. Rangi yake nzuri kweli, ila watia madoa kalamu na haupatani na wino mwingine.

21:31 Shangazi Rukia: Basi anunuliwe kalamu nyingine.

21:31 Khadija: Astaghfirullah! Kalamu aliyopewa bandarini?

21:32 Mama Saumu: Hiyo usiiguse Rukia.

21:33 Idi: Mnunulieni nyingine, mimi niirithi hiyo

23:48 Ami Badi: Ndio natoka kazini. Chupa isiyozidi mililita 100 naipitisha mkobani. Waterman ni 50, na Diamine ipo isiyozidi, zote zapita. Niambieni moja tu. Na nani yuwaja kunichukua uwanja wa ndege? Na achari ya embe.

23:50 Idi: Gari la Khadija lina nafasi

IJUMAA

07:15 Khadija: Gari liko gereji.

13:40 Shangazi Rukia: Waliotoa mchango: Nasra, Mama Saumu. Basi!!!

13:58 Salma: Samahani nimechelewa, kwani Babu mgonjwa?

13:58 Shangazi Rukia: Soma juu.

14:01 Salma: Ni marefu

17:49 Yusuf: Ni Babu asema, mimi naandika tu. Asema: Nimesomewa yote. Zuhura alitoa. Elfu tano, alizileta mwenyewe usiku wa hina, nikazihesabu mbele yake na nikaandika kwa mkono wangu. Sitaki kuulizwa tena. Rukia, mpigie wifi yako. Mpigie, usimwandikie hapa.

18:11 Shangazi Rukia: Nimesikia Baba.

18:12 Mama Saumu: Allah akuweke Baba.

18:20 Wifi Zuhura: Shukran Baba.

18:26 Nasra: Babu, na wino je?

18:31 Yusuf: Ameshatoka, kaenda Magharibi. Alisema tu aletewe ule wa buluu.

18:31 Idi: Buluu 😂😂 nyumba hii

18:33 Ami Badi: Buluu UPI? Niko nje ya duka, imebaki saa moja tu wafunge.

18:35 Nasra: Waterman, ami. Kitabu cha michango kiwe na biro yake pembeni.

18:36 Shangazi Rukia: Diamine.

18:36 Shangazi Rukia: Au leta zote, tutazijaribu kwa kalamu ya Nasra kwanza.

18:37 Nasra: Kalamu yangu ipi?

18:40 Ami Badi: Mchango wa watu wawili ndio chupa mbili?

18:52 Salma: Achari ya embe ninayo lakini niko Mtwapa. Nani atapita?