Naomba ushauri: rangi ya asili kwenye ubuyu, beetroot inanigeukia kahawia

Habari zenu wapendwa, mimi natengeneza ubuyu wa kuuza hapa Dar, ule wa iliki na pilipili manga, miaka yote natumia rangi nyekundu ya unga ya dukani, ile ukila ulimi na vidole vinabaki vyekundu mpaka jioni 😂 Sasa wazazi wameanza kuniuliza maswali, na tangu Marekani watangaze kupiga marufuku Red 3 (rangi nyekundu ya kiwandani) kwenye vyakula Januari 2025 ndo kabisa, kila mama anataka ya asili.

Nikajaribu beetroot, nikasaga nikakamua nikachemshia na sukari, mwanzo rangi tamu balaa ila shira ilivyoanza kuwa nzito ikageuka kahawia kama matope, kilo tatu tumekula wenyewe nyumbani. Mzingefuri nao nikachemsha kwa maji rangi ikagoma kutoka, baadae bibi mmoja akanicheka akasema ule unatoa rangi kwenye mafuta, sasa mafuta kwenye ubuyu naweka wapi jamani?

Choya (rosella) ndo imenipa moyo, nyekundu yake inakaa vizuri kwa sababu ubuyu wenyewe una uchachu, ila nikiweka nyingi ukali unazidi na shira inakuwa majimaji, ubuyu unanata hauuziki.

Kwa wazoefu, choya mnaichemsha mpaka iwe nzito kwanza ndo mnaweka sukari, au mnasaga ile kavu? Na beetroot nikitia unga wake mwishoni nikishaepua, itasaidia?