Plota na saunda gani kwa boti ndogo ya kuzamia? Bajeti milioni 2.5, niko Nungwi

tezi_na_omo

Wadau salaam. Mie niko Nungwi, nina boti ya faiba futi 24, mashine moja ya nguvu farasi 75, nabeba madaiva 6 mpaka 8 na mitungi yao. Safari zangu nyingi ni miamba ya hapahapa kaskazini na Mnemba, mara mojamoja akija mgeni mzoefu na bahari imetulia nampeleka Leven Bank, ule mwamba ulioinuka huko bahari kuu. Mpaka leo natumia simu yenye programu ya ramani pamoja na alama za nchi alizonifundisha marehemu baba, mnara wa taa ukae wapi na mnazi upi uwe juu yake, na zimenilea vizuri tu siwezi kuzitukana. Lakini simu mwaka huu imezima mara tatu kwa jua tuko katikati ya maji, alafu juzi kusi likaja na mvua mnara hauonekani kabisa, tukawashusha wageni kwenye mchanga mtupu mita 22, wamezunguka dakika arobaini wakarudi wameona nyenga mmoja. Mmoja. Na nimewalisha bure chakula cha mchana kwa aibu.

Sasa nataka kitu cha kufunga kwenye boti. Bajeti milioni 2.5 pamoja na fundi. Duka moja Dar wananiambia nichukue plota (skrini ya GPS ya kuonyesha boti iko wapi) ya inchi 9 yenye ramani kamili, saunda (kipima kina kwa sauti) nikiuliza wanasema "hiyo inakuja nayo tu". Jamaa mwingine ananiambia ramani za huku hazina maana, chukua fishifainda, saunda ya wavuvi, ya bei ya chini uachane nao. Nani mkweli hapo?

bamvua_kuu

Wa alaikum salaam. Wote wawili wana nusu ya ukweli sheikh wangu.

Kampuni za ramani haziendi kupima bahari zenyewe huku kwetu, zinachukua chati za mabaharia zilizopo zinaziweka kwenye kadi. Na chati za pwani hii, ukitoka kwenye bandari na njia za meli kubwa, vipimo vingi ni vya zamani, vingine ni vya enzi ya bildi, mtu amesimama ubavuni anatupa risasi kwenye kamba anahesabu pima. Baina ya mtupo mmoja na wa pili mwamba mzima unaweza ukajificha, kwa hiyo ukiona kwenye skrini pameandikwa mita 18 pote sawasawa usidhani ni kweli pako sawasawa, ni kwamba hakuna aliyepita na bildi yake pale katikati. Mie niko Mafia, ndani ya ghuba ya Chole na pale mlango wa Kinasi naamini macho na saunda, ramani naiangalia baadae.

Alafu jengine, kina cha kwenye chati kinahesabiwa maji yakiwa yamekupwa kabisa. Bamvua, yaani maji makuu, Unguja tofauti ya kujaa na kupwa ni karibu mita 4, kwa hiyo chati ikisema 18 na saunda ikisema 21 na ushei hakuna mwongo hapo, ni maji. Nakwambia kwa sababu kuna kijana alinirudishia saunda yangu ati mbovu.

Ila huyo jamaa wa fishifainda tupu usimsikilize moja kwa moja. Hakikisha ina GPS ya kuhifadhi alama. Garmin Striker kwa mfano haina ramani lakini alama inaweka na unarudi palepale, ni rahisi na watu wanaitumia. Ukipanda kidogo ndo unapata zenye ramani na saunda pamoja, Garmin Echomap, Lowrance Hook Reveal, Raymarine Element. Mie ningetafuta ile inayochora kina yenyewe unavyopita, Garmin wanaiita Quickdraw, Lowrance wanaiita Genesis Live. Unazunguka mwamba wako polepole siku mbili tatu huna wageni, inakuchorea mistari ya kina, mwisho una ramani ya mwamba wako ambayo duka la Dar hawana.

simba_wa_bahari

Chukua inchi 9 usijutie baadae. Mie nina ya 5 nashindwa kugawa skrini, ramani huku saunda huku naona mchwa tu.

fundi_waya

Inchi 7 inatosha kwa futi 24, hela inayobaki itie kwenye transdusa (kile kichwa cha saunda kinachopiga sauti majini) na ufungaji. Nafunga hizi mashine na nusu ya "saunda mbovu" ninazoletewa saunda ni nzima, ubovu uko ilipofungwa.

Boti ya kuzamia ina shida yake. Ngazi iko nyuma, madaiva wanapanda nyuma na mapezi miguuni, na transdusa watu wanaifunga wapi? Nyuma hapohapo. Ya kwanza niliyofunga kwenye boti ya madaiva ilidumu wiki mbili ikapigwa teke na mtu aliyebeba mtungi. Alafu boti zenu mnalaza mchangani maji yakikupwa, ikikaa chini ya tako la boti inasagika. Kama ni lazima nyuma basi iweke upande wa pili mbali na ngazi, isiwe karibu na propela, angalau sentimita 40, na propela nyingi zinazunguka kulia kwa hiyo upande wa kulia ndo wenye povu pungufu, sasa kama ngazi yako nayo iko kulia hapo umeshaingia kwenye mtihani.

Kwa faiba kuna njia nyingine, transdusa ya kubandika ndani ya boti, inapiga sauti kupitia faiba. Hakuna wa kuipiga teke. Unapoteza kipimo cha joto la maji na nguvu kidogo lakini kwa mita 40 za madaiva wala hutaona tofauti. Ila inataka faiba tupu, pasiwe na ubao wala povu katikati, na gundi isiwe na hata tone la hewa. Kwenye boti ya mbao usijaribu.

Umeme: usiiunge kwenye betri ya kuwashia mashine kama unaweza kuwa na betri ya pili, maana ukipiga stata volti zinaanguka na plota inazima inaanza upya, na utafanya hivyo kila unapowafuata madaiva. Fyuzi weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Waya wa transdusa ukizidi urefu ukunje, USIKATE, na usiupitishe pamoja na waya wa redio na mashine, utaona mvua kwenye skrini kiangazi.

mvita_daiva

Niko Mombasa, naongezea kuhusu masafa ya sauti (kilohezi) maana hapo ndio watu huuziwa vitu hawahitaji. Saunda inapiga sauti kama tochi, mwanga wake unapanuka ukishuka. 200 kilohezi ni tochi nyembamba, kwa transdusa ya kawaida ya digrii kama 15 ukiwa mita 25 inaangaza duara la mita 6 na nusu hivi. Ile ya chini, 77 ama 83, digrii ikifika 45 duara ni mita 20. Sasa fikiria uko kwenye ukingo wa mwamba unaoshuka wima, ile pana inakuonyesha kilele cha chochote kilicho ndani ya duara, unadhani uko juu ya mwamba kumbe uko pembeni mita kumi na unashusha watu kwenye buluu. Kwa kuzamia weka 200. Masafa ya chini ni ya wavuvi wa kina kirefu, ila hapo Leven Bank ukishatoka juu ya bank panashuka mamia ya mita na 200 itapoteza chini, itaanza kuonyesha namba za kubahatisha, usiogope, ukirudi juu ya bank itashika tena.

Sisi hapa tuna MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi Nyali 2002, chini yake ni mita 30 hivi. Kwa 200 na mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 2 ama 3 unaiona inasimama kama ukuta, kwa ile pana ni kifuu cha nazi tu. Mwamba mgumu nao unaonekana mstari mnene na chini yake mwangwi wa pili, mchanga laini mstari mwembamba. Ukizoea kuangalia hiyo hutashusha tena watu kwa nyenga mmoja 😄

Na kitu kimoja kuhusu plota. Madaiva wakirukia maji bonyeza kile kitufe cha mtu kaanguka baharini. Mkondo wa noti 1 dakika 45 unawapeleka karibu kilomita moja na nusu, na ukiwa na alama ya pale waliporuka na mstari wa njia ya boti unajua mkondo unaelekea wapi hata boya lao likichelewa kutokea.

tezi_na_omo

Ahsanteni sana, fundi umeniokoa, ngazi yangu iko kulia kwelikweli. Kuna rafiki kanipa alama zake 14 za miamba kwenye karatasi, naziingiza tu kama zilivyo?

dada_wa_kisiwani

Kaka ngoja kwanza! Muulize ameandika kwa mtindo gani. Dakika na desimali au dakika na sekunde. 5 43.50 si sawa na 5 43 50, hapo tofauti ni sekunde 20, yaani zaidi ya mita 600. Mimi nilishaingia hapo, nikazunguka asubuhi nzima natafuta mwamba ambao nilikuwa nimeupita. Na kama yoyote kaisoma kwenye ramani ya karatasi ya zamani ya nchi kavu, zile zinatumia mfumo wa vipimo wa Arc 1960 wakati GPS yako iko kwenye mfumo mwingine, WGS84, unakosea kama mita 300. Kila alama nenda ukaione kwa saunda kabla hujampeleka mtu.

Na miwani ya jua ile ya kukata mng'ao ivae dukani ukiangalia skrini, baadhi zinageuka nyeusi tii. Hela ikibaki nunua redio ya VHF, simu uliyosema inazima hiyo.

fundi_waya

Kabla ya kubandika: transdusa itie kwenye mfuko wa plastiki wenye maji, ikalishe ndani ya boti kwenye sakafu ya faiba, soma kina. Alafu itoe uiteremshe ubavuni majini usome tena. Zikilingana hapo ndo pake.

tezi_na_omo

Mrejesho. Nimechukua inchi 7 yenye kuchora kina. Jana nimefanya ule mchezo wa mfuko: upande wa kushoto karibu na mkuku ndani 8.1, nje 8.2. Upande wa kulia haisomi kitu, nimeparua kumbe aliyeijenga alitia ubao humo. Nabandika kushoto Ijumaa baada ya sala, maji yatakuwa yamekupwa.