Naomba ushauri: maandalizi ya mashindano ya siku mbili ya ramani na dira

Ndugu wadau, salaam. Mimi na mwenzangu tumejiandikisha katika mashindano ya siku mbili ya kutafuta vituo milimani na msituni kwa ramani na dira pekee, ambapo kila timu ya watu wawili hubeba hema, mifuko ya kulalia, jiko na chakula chake chote tangu mwanzo hadi mwisho. Pumzi tunayo, kinachonisumbua ni ramani.

Tumezoea ramani za 1:10,000, ilhali hii ni ya 1:40,000, yaani sentimita moja ni mita 400 ardhini, na korongo dogo ambalo lingetusaidia kujua tulipo huenda lisichorwe kabisa. Kwenye maeneo ya wazi nafuata mistari ya kontua (ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) bila shida, lakini ndani ya miti minene, nikishazunguka gogo hili na kichaka kile, hesabu ya hatua huvurugika, na dira peke yake hainiambii nimekwenda umbali gani. Je, wenye uzoefu hukata msitu moja kwa moja, au huzunguka kwa kufuata mgongo wa kilima hata kama njia inarefuka? Mimi naegemea kuzunguka, ila mwenzangu (ambaye miguu yake ni mirefu kuliko subira yake) hakubali.

Naomba pia kujua kama inafaa kubeba soksi kavu za siku ya pili ilhali viatu vitakuwa vimelowa tangu jana yake. Mwenye kujua mazoezi ya kusoma kontua huku mtu akikimbia atakuwa amenisaidia zaidi.