Leso za mihuri ya mbao hapa Jaipur: hiyo "biashara ya haki" nitaijuaje?

Salma_mwaka_wa_mwisho

Wakuu habari zenu. Niko Jaipur namalizia masomo, mwezi ujao nafunga mizigo. Nataka kubeba leso thelathini za zawadi. (Leso nasema kile kitambaa cha mkononi cha kufutia jasho, si ile ya kujifunga kiunoni, maana najua kuna watakaonivamia.)

Pale Bapu Bazaar wananiuzia moja rupia 40, nikibishana sana 30. Juzi nikaingia duka moja lenye kiyoyozi, nikakuta leso ambayo kwa macho yangu ni ileile: maua meusi na mekundu juu ya kitambaa cha rangi ya krimu. Rupia 150! Imefungwa na kikaratasi kinachosema imechapwa kwa mkono Bagru (mji mdogo wa wachapaji hapa karibu), biashara ya haki. Nikamuuliza muuzaji hiyo haki iko wapi, akanionyesha picha ukutani ya mzee anayetabasamu, mhuri mkononi. Sasa mzee kutabasamu kunathibitisha nini?

Naomba mnisaidie mambo mawili. Nitajuaje kama kweli ni mhuri wa mbao na si mashine? Na hizo rupia 110 za ziada zinamfikia nani?

Mama_Shehena

Salma mwanangu, umenikumbusha mbali. Nilikaa jimbo hilohilo la Rajasthan miaka mitatu nikikagua shehena za vitambaa kwa niaba ya mnunuzi mmoja, na leso zimepita mikononi mwangu kwa maelfu.

Tuanze na kitambaa. Kipeleke dirishani. Usitafute uzuri, tafuta kosa. Mahali mihuri miwili inapokutana utaona mstari umepishana kidogo, au ua moja limekolea kuliko jirani yake kwa sababu mchapaji ndiyo kwanza alikuwa amechovya. Ukishapata kosa, angalia kama linajirudia. Mkono haukosei mara mbili kwa namna ileile. Petali iliyokatika ncha ikitokea tena kila baada ya sentimita kadhaa, inaweza kuwa mhuri wenyewe umemeguka. Lakini mpishano wa mistari ukijirudia vilevile, na ukolezaji uleule, hiyo ni skrini au mashine, na siku hizi mashine hufundishwa hata kukosea.

Halafu pitisha kidole. Hizo nyeusi na nyekundu za Bagru za asili si rangi ya kupaka juu. Kitambaa kwanza huchovywa kwenye maji ya tunda linaloitwa harda, ndiyo maana kinakuwa krimu. Nyeusi hutokana na vyuma chakavu, mara nyingi viatu vya farasi, vinavyolowekwa na sukari guru siku nyingi mpaka maji yachachuke. Wao huiita syahi. Nyekundu huchapwa kwa shabu iliyochanganywa na gundi, na wakati huo wekundu wenyewe bado haujatokea. Wekundu unakuja kitambaa kikishachemshwa kwenye sufuria la rangi. Rangi iliyopikwa namna hiyo imeingia ndani ya uzi. Ukihisi ua limevimba na kukakamaa kama gundi iliyokauka, ni rangi ya kubandika. Inaweza kuwa imechapwa kwa mkono vilevile, usimwite mtu mwongo kwa hilo, ila kazi yake ni fupi zaidi.

Sasa piga hesabu. Leso ya sentimita 40 kwa 40, mhuri wa sentimita 10: mhuri unashuka mara 16. Ua la kawaida lina mihuri mitatu, mmoja wa usuli, mmoja wa mistari, mmoja wa kujaza. Hiyo ni mara 48 kwa leso moja. Leso zako thelathini ni mara 1,440, na kila mara mchapaji anaupiga mhuri mgongoni kwa kiganja. Rupia 30 hapo inatoka wapi?

Ila mimi ninachotaka kukuambia ni habari ya pindo. Kila mtu anapiga picha mhuri, hata huyo mzee wa ukutani. Geuza leso uangalie ukingo wake. Leso moja ina sentimita 160 za pindo. Thelathini zina mita 48. Na pindo mara nyingi halikunjwi kwenye karakana. Linakunjwa na mwanamke nyumbani kwake, kati ya kupika na kuchota maji, analipwa kwa kipande, na jina lake haliko kwenye kikaratasi chochote.

Nakwambia hivi kwa sababu nilikosea. Mwaka wangu wa kwanza niliagiza leso 600 za dabu, zile za nili ambazo sehemu za kubaki nyeupe hufunikwa kwa tope la udongo, chokaa na gundi. Tope hilo linataka jua kali. Mimi niliagiza Julai, mvua za monsuni zimeshaanza, nikasukuma wamalize. Unyevu ukalainisha tope, nili ikapenya, leso zikaja na madoa ya buluu mahali palipotakiwa pawe peupe. Nilizikataa 200 na nilijiona mkaguzi hodari. Mwaka uliofuata nikakaa kunywa chai na mmoja wa wale wakunja pindo, akaniambia bila hasira kwamba hazikulipwa. Mtu wa kati alishawaambia: mali iliyokataliwa haina malipo. Pindo zake zilikuwa safi kabisa! Tope halikuwa lake, mvua haikuwa yake, na haraka ilikuwa yangu.

Kwa hiyo ukirudi dukani usiulize "hii ni ya haki?" Atasema ndiyo. Uliza: nani kakunja pindo, analipwa lini, na mzigo ukikataliwa inakuwaje. Anayejua atajibu au atapiga simu.

Bwana_Mizani

Mama, heshima zako, ila unampambia mambo huyu binti. Hizo 110 zinaliwa na kodi ya pango na hicho kiyoyozi. Isitoshe kikaratasi kimeandikwa Bagru, na Bagru ina alama ya serikali ya kulinda jina la mahali. Hiyo si inatosha?

Mama_Shehena

Kiyoyozi kinakula chake, sikatai. Lakini usichanganye alama. Ile ya jina la mahali inalinda jina na namna ya kazi: chapa ya Bagru itoke Bagru. Haisemi mchapaji kalipwa nini. Ile nembo ya Fairtrade kwenye pamba inamhusu mkulima na pamba yake. Mchapaji na mkunja pindo wanaweza wasiguswe nayo. Kwa kazi za mikono, angalia kama mwenye duka au anayemuuzia ni mwanachama wa WFTO, lile shirikisho la dunia la biashara ya haki. Wana kanuni kumi, na ninayoipenda mimi ni ya malipo ya awali: mzalishaji wa kazi za mikono akiomba, mnunuzi atangulize angalau nusu ya bei, bila riba. Nusu hiyo ndiyo inayonunua kitambaa na harda bila kwenda kwa mkopeshaji. Mimi wakati ule sikutanguliza hata rupia.

Nili_na_Shabu

Naongezea la kufua, maana nimeona watu wakiharibu vitu vizuri. Mara ya kwanza ifue peke yake, maji baridi, sabuni ya taratibu, uanike kivulini. Za nili zitaachia buluu kidogo hata ukizisugua zikiwa kavu; ni tabia yake, si ubovu. Usiweke ndimu kutoa doa: ile nyeusi ni chuma, na asidi inaila. Dawa ya kung'arisha usiikaribishe kabisa.

Na kama unapita Gujarat kabla ya kuondoka, fika Ajrakhpur, karibu na Bhuj. Wachapaji wa ajrakh (chapa ya mihuri ya huko) wa ukoo wa Khatri walikuwa Dhamadka. Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 likabomoa kijiji na maji ya visima yakabadilika, chuma kikazidi. Kwa rangi za namna hii maji ni nusu ya kazi, basi wengi wakahama wakaanzisha kijiji kipya. Ajrakh huchapwa pande zote mbili kwa zile zilizo bora.

Salma_mwaka_wa_mwisho

Mrejesho. Nimerudi lile duka leo mchana. Nilipouliza habari ya pindo muuzaji alinitazama kama nimeuliza umri wa mama yake, akaenda nyuma akaja na dada mmoja mwenye daftari. Kumbe wakunja pindo ni wanawake tisa wa Bagru, wanalipwa siku wanayorudisha vipande, na vyenye doa wanalipwa vilevile. Nikauliza vyenye doa vinakwenda wapi. Akavuta kikapu kutoka chini ya meza: rupia 90 kila kimoja.

Nimechukua kumi za kikapuni na nane nzuri. Za kikapuni nimezigeuza zote pale pale kaunta, pindo halina kasoro, Mama Shehena. Nyingine kumi na mbili nitamalizia Bapu Bazaar, mfuko hauruhusu, na wajomba zangu jasho lao halichagui.